Familia ya Mfano

Katandala, Sumbawanga
14 Januari 2024

Dada mpendwa Bertilla,

Tumsifu Yesu Kristo, halafu shikamoo. Sijui kama novisi bado anaamkiwa na mdogo wake kama zamani au kuna utaratibu mwingine. Kama nimekosea, Sista Kristiana, mlezi wenu, anisamehe, maana najua barua hii yeye ataisoma kwanza.

Huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua asubuhi za mvua, na mwaka huu mvua haitaki kukatika. Mahindi yetu ya Kizwite yanapendeza. Mjomba Kasimiri anasema ulezi wake umeota vizuri ila palizi imemwelemea, na kila akija mjini ananitazama mikono kama mtu anayechagua jembe. Steshenari inaendelea. Mama hushinda nami dukani akikunja karatasi, na wateja wamemzoea hata wanamletea viazi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae kuandika. Kazi kubwa siku hizi ni ratiba za mazishi. Kila familia inataka ndugu wa marehemu wapangwe sawasawa, nani shangazi, nani wifi, nani mkubwa, na wakikosewa wanagombana hapohapo kaunta na maiti hajazikwa. Nikaikumbuka maktaba yako, Ukoo. Sista Kristiana asishangae: hii si maktaba ya vitabu. Ni kipande cha programu ambacho Dada alikiandika alipokuwa kazini Dar es Salaam, akakiweka mtandaoni bure. Yeyote anakichukua, anakitumia, na akiona kasoro analeta marekebisho, mwenye nacho anayapokea au anayakataa. Unakiambia nani kamzaa nani, nacho kinakuambia nani amwite nani jina gani.

Kuisakinisha kwenye kompyuta kulinitoa jasho. Umeme ulikatika katikati, kisha bando likaisha, kisha kompyuta ya dukani ikasema ni ya kizamani mno. Nikaanza upya kwenye ile laputopu uliyoniachia, na safari hii ilikubali, majaribio yote ya kujikagua yakapita. Nikaendesha ule mfano uliomo, tukatokea sisi! Babu Teodori na Bibi Coleta, watoto wao Kasimiri na Marsiana, Marsiana na marehemu Baba, kisha wewe na mimi. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Hukuwahi kuniambia umetuweka humo.

Ila kuna mchango mmoja, yaani marekebisho ya namna hiyo, unasubiri tangu Desemba. Aliyeuleta hana picha, amejiita "mtoto wa kwanza". Amebadilisha familia ya mfano tu. Ameongeza mtu mmoja, Silvana, mtoto wa Marsiana, akamweka juu yako. Jaribio nalo ameliandika vizuri kama mwongozo wako unavyotaka: Bertilla anamwita Silvana nani? Jibu: Dada. Na maelezo yake ni sentensi moja, "Familia haijakamilika."

Nadhani ni mmoja wa rafiki zako wa Dar anakutania. Funguo za akaunti ninazo mimi, lakini maktaba ni yako. Nipokee au nikatae?

Mdogo wako anayekukumbuka hasa wakati wa kuosha vyombo,
Fortunata


Nyumba ya Malezi
11 Februari 2024

Mdogo wangu Fortunata,

Milele amina, na marahaba. Niamkie kama zamani, sijabadilika kiasi hicho.

Mimi ni mzima. Nimepewa bustani ya mboga na zamu ya kupiga kengele. Huku Ruvuma kuna joto kuliko kwetu, nalala bila blanketi na najiona mwizi. Wenzangu wananicheka ninavyosema baadhi ya maneno, wanasema Wafipa tunaimba badala ya kuongea. Tukijaliwa, nadhiri za kwanza ni Desemba. Mwambie Mama wa kwanza wake anaendelea vema. Yeye husema wa kwanza ni wa Mungu, basi aendelee kuniombea nisimwangushe.

Nimefurahi Ukoo inafanya kazi ya maana, hata kama ni ya misiba.

Ule mchango ukatae. Usimjibu aliyeuleta, usimuulize jina, na usimwonyeshe Mama. Familia ya mfano ni ya kujaribia programu tu, haihitaji watu zaidi.

Jumatano tunaanza Kwaresima. Hatuandiki wala hatupewi barua hadi Pasaka.

Ni mimi,
Bertilla


Katandala
3 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Najua hutaisoma hadi Pasaka. Naandika hivyohivyo, nisipoandika nitapasuka.

Mama mzima wa mwili. Duka lipo. Mvua ipo.

Nilikataa mchango kama ulivyosema. Kesho yake ukarudi, mstari uleule, jaribio lilelile. Safari hii maelezo yalikuwa maneno mawili: "Mmenifuta. Narudi." Nikaukataa tena. Ukarudi tena. Mara ya tatu nikasema basi, ngoja niuone ukifanya kazi, nikauchukua kwenye laputopu yangu bila kuupokea kule mtandaoni. Majaribio yote yakapita, Dada, na lake pia. Programu haikuona ajabu yoyote. Ilimpokea Silvana kana kwamba nafasi yake ilikuwa wazi siku zote.

Siku hiyo kulikuwa na msiba wa mzee mmoja wa Milanzi. Kabla ya kuchapa ratiba yake nilichapa kurasa chache za familia ya mfano nione mistari inakaaje. Nikaziacha kwenye printa nikaenda kuhudumia mwanafunzi. Mama, kama kawaida yake, akazichukua akaanza kukunja.

Unajua anavyokunja huku akiimba kwa pua? Akaacha kuimba.

"Nani kamwandika huyu?"

"Yupi, Mama?"

"Huyu. Nani kamwandika kwenye karatasi za maiti?"

Alikuwa ameweka kidole kwenye jina. Nikasema ni karatasi ya majaribio tu, mtu wa mtandaoni ametania.

"Hajaandikwa kanisani," alisema. "Hajaandikwa serikalini. Sikuwahi kumwambia hata baba yenu jina lake. Huyo wa mtandaoni amelitoa wapi?"

Akaikunja ile karatasi ikawa ndogo kabisa, akaiingiza kifuani, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Hakwenda nyumbani. Alipanda bodaboda hadi kwa Mjomba Kasimiri na huko akakaa wiki nzima. Amerudi juzi, na udongo kwenye kucha. Haniulizi kitu, wala mimi simuulizi.

Wewe ulijua. Ndiyo maana uliandika "usimwonyeshe Mama." Sasa niambie.

Fortunata


Nyumba ya Malezi
9 Aprili 2024

Fortunata mpendwa,

Kristo amefufuka. Natumaini mlisali Pasaka njema na Mama alivaa kile kitenge cha kijani. Huku tulikesha, tukaimba hadi sauti zikakauka.

Barua yako nilipewa Jumatatu ya Pasaka. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilichana karatasi nyingi.

Unalikumbuka lile tanuru la kuyeyushia chuma la wazee wa zamani, kule shambani kwa Mjomba? Lile la udongo, refu kuliko mtu, ambalo tulikatazwa kuingia? Nyuma yake, upande unaoficha upepo, kuna kaburi dogo. Wewe uliambiwa ni la mtoto wa jirani. Nami niliambiwa hivyohivyo.

Nilipokuwa darasa la kwanza nilimfuata Mama huko siku ya marehemu wote. Alikuwa anapalilia na kuongea. Si kusali, Fortunata. Alikuwa anaongea kama mtu anayemwogesha mtoto. Alisema, "Bertilla ameanza shule, viatu vinambana. Wewe vingekutosha vya ukubwa gani?" Kisha akatega sikio, akacheka. Akaita, "Silvana, Silvana." Nilidhani Silvana ni jina la lile kaburi.

Aliponiona hakunipiga. Alinishika mabega akasema, "Ni dada yako. Usimtaje kamwe. Ukimtaja atasikia, na akisikia atataka kuja."

Sikuwahi kumtaja. Wala sikumweka kwenye mfano nilipoandika Ukoo. Nimesoma kompyuta chuo kikuu, nimefanya kazi na watu wasioamini hata mvua, lakini hii ndiyo mara ya kwanza kuliandika jina hilo na nimeinuka kwenda kufunga dirisha.

Nimefikiri sana. Aliyekufa hana haja ya intaneti. Huyo ni mtu, na mtu aliyepata jina hilo kalipata kwa mtu. Nilikosea kukukataza. Muulize ni nani. Lakini usimpe chochote cha kwetu, wala picha, wala namba ya Mama.

Bertilla


Katandala
2 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Baridi imeingia na ule upepo wake. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Mjomba anavuna ulezi. Mtoto wa jirani yetu amepata Komunyo ya Kwanza, Mama akapeleka kuku. Wanakusalimu wote.

Mama amebadilika. Kila asubuhi akifika dukani, kabla ya kuvua kanga ya mabegani, ananiuliza: "Amerudi?" Kama mtu anayeuliza habari za mtoto aliyetumwa sokoni. Nikisema hajarudi anakaa, anakunja karatasi. Siku nikikwepa kujibu anakaa vilevile, lakini hakunji.

Nilimwandikia, palepale chini ya mchango wake: "Wewe ni nani, na jina la Silvana umelipata wapi?" Kimya. Aprili ikaisha. Mei nayo ikaelekea mwisho. Jumatatu iliyopita nimefungua nikakuta jibu. Nakunakilia lote.

"Silvana ni mimi. Naishi Kigoma, natunza takwimu kwenye mradi wa afya. Nimelelewa na bibi mzaa baba, aliyenikuta nimeshapewa jina hili. Baba yangu alikuwa mwashi, alikwenda Ufipa kujenga shule akiwa kijana, naye sasa ni marehemu. Bibi aliniambia mama yangu ni Marsiana binti Teodori, mama yake Coleta, kaka yake Kasimiri. Alisema mama alikufa baada ya kunizaa, akazikwa nyuma ya tanuru la chuma la zamani, na kwamba yeye mwenyewe aliliona kaburi likichimbwa alipokuja kunichukua.

"Mwaka jana nilikuwa natafuta programu ya kupanga watu wa kaya kwa Kiswahili. Nikapata yenu. Nikaisakinisha, nikaendesha mfano ili nione inavyofanya. Ikanitolea marehemu mama yangu, na baba yake, na mama yake, na kaka yake, majina yote kama nilivyofundishwa. Chini yake kulikuwa na watoto wawili aliowazaa baada ya kufa.

"Nilizima kompyuta nikatoka nje. Sikurudi ofisini siku mbili. Watu wa namna hiyo unawaandikia nini? Unaanzaje? Mwongozo wenu unasema mwenye kuona pengo alete marekebisho pamoja na jaribio. Basi nikaleta. Mlipokataa nilijua kuna mtu hai upande wa pili. Mlipouliza mimi ni nani, niliogopa kujibu kuliko nilivyoogopa kukataliwa. Nami nauliza sasa: Marsiana wenu anapumua?"

Dada, kaburi ni moja. Mama anampalilia mtoto mle, na mtoto ameambiwa aliyelala mle ni Mama. Wote wawili wako juu ya ardhi. Sasa ndani yuko nani?

Sijamwonyesha Mama. Sijamjibu Silvana. Nimezima laputopu nikaiweka chini ya kitanda, na hata pale nahisi inanitazama.

Fortunata


Nyumba ya Malezi
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama. Kabichi zimefunga vizuri.

Aliyechimba lile kaburi ni Mjomba Kasimiri. Mama aliwahi kuniambia hivyo, kwamba kaka yake alimzikia kwa mikono yake. Muulize. Ila kwanza mwambie Mama yote uliyoniandikia, msomee kama yalivyo, kisha nendeni pamoja. Usiende peke yako, wala usimwache aende peke yake.

Mjibu Silvana neno moja. Mwambie: anapumua.

Sista Kristiana ameisoma barua yako. Ameniletea karatasi zaidi na kalamu yake.

B.


Katandala
21 Julai 2024

Dada Bertilla, shikamoo.

Kwanza Mama mzima. Nimelitanguliza ili usome mengine kwa utulivu.

Nilimsomea Jumapili baada ya misa, tumekaa uani kwenye jua. Hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Ana sauti gani?" Nikamwambia ni maandishi tu, Mama, sijamsikia. Akasema, "Aa. Ni maandishi." Akainuka akaanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumanne tukaenda kwa Mjomba. Tulimkuta uwanjani anapura ulezi na upepo unachukua makapi. Akatukaribisha vizuri, akataka kuchinja kuku. Mama akasema hapana, twende kwenye tanuru. Mjomba akatazama fimbo yake. "Kuna baridi huko," akasema. Mama akawa ameshatangulia.

Kaburi ni safi, Dada, safi kuliko uwanja wetu. Mawe meupe pembeni, hata jani hakuna. Tukasimama. Upepo ulikuwa unaingia kwenye lile tanuru kwa matundu ya chini na kutokea juu, na linatoa mlio, kama mtu anayepuliza chupa. Sikumbuki kuusikia utotoni.

"Kasimiri," Mama akasema, "uliweka nini humu?"

"Dada, mambo ya zamani hayo."

"Nimekuuliza uliweka nini."

"Baba alisema..."

"Baba amekufa. Nakuuliza wewe. Nilikuwa na homa ya uzazi, siku nimezinduka mkaniambia mtoto amekwenda. Ulinileta hapa umenishika mkono. Nilipiga magoti hapa. Wewe ulikuwa umesimama hapohapo uliposimama sasa. Uliweka nini?"

Mjomba akavua kofia. Mzee mzima, Dada, kaishika mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Jiwe la kusagia," akasema. "Lile dogo la mkononi, la mama. Nililivika kanga. Baba alisema kifurushi kiwe na uzito, mtu akikishika asishtuke. Mwashi alikuwa ameshakimbia. Mama yake alipokuja kumfuata mtoto, Baba alimwambia umekufa, ili asirudi tena huku kukutafuta. Alisema hivyo ndivyo utakavyoolewa salama."

Mama hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha pale muda mrefu. Nilidhani atachimba. Mjomba naye alidhani hivyo, akasema, "Nilete jembe?"

"Liguse tu jembe hapa," Mama akasema taratibu, "nikuzike na hilo jiwe."

Njiani kurudi alisema jambo moja tu. Alisema, "Bibi yenu Coleta alilitafuta sana lile jiwe. Aliniuliza hata mimi kama nimelipoteza." Basi Bibi naye hakujua.

Nimemwandikia Silvana yote. Amejibu kwamba anaomba likizo.

Fortunata


Nyumba ya Malezi
18 Agosti 2024

Fortunata mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilifika siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Tulikuwa na wageni, ikabidi niibebe mfukoni hadi jioni, na kila nilipoinama kugawa vyakula niliisikia ikikwaruza.

Nafurahi Mama mzima. Nafurahi hakuchimba. Mjomba msalimie, ukiweza.

Kuna kitu hujui, na ni haki yako kukijua. Mama anaposema wa kwanza ni wa Mungu, si msemo tu. Alinieleza nilipomaliza kidato cha nne. Alipompoteza yule mtoto alikaa miaka bila kushika mimba. Akapiga magoti nyuma ya tanuru, akamwahidi Mungu kwamba akimpa mwingine atamrudishia. Nikazaliwa mimi. Hakunilazimisha, wala siwezi kusema hivyo. Nilisoma, nikafanya kazi, nikakaa Dar nikiwa huru kabisa. Lakini kila niliporudi likizo alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama kitu alichokopeshwa. Mwishowe nikaja huku, nikasema nimeitwa.

Sasa nalala nikiwaza: aliyeniita ni nani? Ahadi ilitolewa juu ya jiwe la kusagia. Mama alimlilia jiwe, akamwahidi Mungu kwa ajili ya jiwe, nami nimekuja kutimiza. Wiki nzima sikuweza kuimba. Nikipiga kengele nasikia ule mlio uliouandika, wa upepo ndani ya tanuru.

Nilimwendea Sista Kristiana, nikamwuliza kama ahadi ya namna hiyo inashika. Akasema, "Ya mama yako mwachie mama yako. Ya kwako unayo?" Nikamwambia sina jibu. Akasema, "Basi hilo ndilo jibu la leo."

Nimeomba nadhiri za Desemba ziahirishwe, wamekubali. Sitoki, Fortunata. Usiandae chumba. Ila nikizifunga siku moja, nizifunge kama mtoto wa pili, ambaye hakuna aliyemwahidi kwa mtu. Usimsomee Mama sehemu hii. Nitamwambia mwenyewe.

Na mchango wa Silvana upokee. Ni sahihi, una jaribio, na mimi ndiye niliyeacha pengo.

Bertilla


Katandala
10 Novemba 2024

Dada wa pili, shikamoo.

Usikasirike, natania kidogo kwa sababu mengine nitakayoandika si ya utani.

Sote wazima. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wako mashambani. Mama amepokea barua yako uliyomwandikia peke yake. Hakunionyesha. Aliisoma mara nyingi akisogeza midomo, kisha akasema, "Mwambie nimesikia." Nami nakuambia: amesikia.

Mchango niliupokea siku ileile barua yako ilipofika. Sasa yeyote duniani anayesakinisha Ukoo anatuona watatu.

Silvana alikuja mwishoni mwa Oktoba. Nilikwenda kumpokea stendi nikiwa na hofu ya kutomjua. Nilimjua akiwa bado dirishani. Ana paji la uso la Mama, na ule mwendo wa kuburuta mguu wa kulia kidogo. Anaongea kwa lafudhi ya Kigoma. Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, amevaa kile kitenge cha kijani. Silvana akapiga magoti, akasema "Shikamoo mama." Mama akaitikia "Marahaba, karibu," kama anavyomkaribisha mteja. Akamtengea kiti. Akamuuliza habari za safari. Akampa chai, akamwongezea sukari bila kumwuliza. Sikujua nicheke au nilie. Siku za mwanzo alimwita "mgeni." Silvana hakulalamika. Usiku nililala naye chumba kimoja, naye akaniambia kwa sauti ndogo, "Hata mimi sijui nimwitaje. Nilikuwa namwombea kama marehemu."

Walizoeana kidogokidogo, kwenye kazi. Silvana anajua kukunja karatasi haraka kuliko mimi. Siku moja nikasikia wote wawili wanaimba kwa pua, wimbo tofauti kila mmoja.

Ikafika tarehe mbili, siku ya marehemu wote. Baada ya misa Mama alibadili nguo, akachukua jembe lake dogo. Nikamwambia, "Mama, unakwenda wapi? Pale hakuna mtu. Mtoto wako huyu hapa."

"Najua," akasema. "Huyu nimempata. Lakini yule wa pale nimekaa naye miaka yote. Nimemsimulia kila kitu, hadi mambo ambayo baba yenu hakuyajua. Nimuache na nani?"

Silvana aliinuka, akauliza kama kuna jembe la pili.

Tukaenda watatu. Mjomba alituona kwa mbali akaingia ndani. Mama akaanza kupalilia upande wa kichwa kama kawaida yake, na Silvana akashika upande mwingine. Nilisimama na rozari mkononi, sikuweza kuinama. Nilikuwa namtazama mtu anang'oa majani juu ya kaburi lake mwenyewe, kwa makini, akitikisa udongo kwenye mizizi ili usipotee. Tanuru lilikuwa linalia nyuma yetu.

"Hapo miguuni bado," Mama akamwambia.

"Nimeona, Mama," Silvana akasema, akasogea miguuni. Ndiyo mara ya kwanza kusikia anamwita hivyo bila kusita.

Walipomaliza Mama alifuta mikono, akaanzisha sala ya marehemu. Alilitaja jina, Silvana, akaomba apewe raha ya milele. Nilikuwa bado nazungusha rozari vidoleni.

Silvana aliitikia kabla yangu.

Mdogo wenu,
Fortunata